Kilemba cha Ukoka

Wako watu ambao, wakikusudia kumnyima mtu haki yake, huanza kwa kumsifu. Sifa haina gharama, na msifiwa huona haya kudai. Desturi hii ni ya zamani na imeenea pote, lakini sijapata kuiona ikitenda kazi yake kwa ustadi kama itendavyo katika vyuo vya jamii vya Marekani. Kwa kuwa vyuo vya namna hiyo, kwa jina jingine, tunavyo na sisi, si vibaya tukaitazama kwa karibu.

Mambo huwa hivi. Mwaka wa masomo ukikaribia kwisha, chuo huandaa karamu ya kuwaheshimu walimu. Mwalimu mmoja huitwa jukwaani, hukabidhiwa kibao kilichochorwa jina lake, na mkuu wa chuo husoma habari zake: kwamba hufika kabla ya wenziwe na huondoka baada yao, kwamba hujibu maswali ya wanafunzi usiku wa manane, kwamba siku moja alimpa mwanafunzi nauli kutoka mfukoni mwake, na siku nyingine alimnunulia mwingine kitabu. Makofi hupigwa, na wengine hufuta machozi. Hapana hata mmoja asimamaye kuuliza kwa nini mwanafunzi wa chuo cha umma, katika nchi iliyo tajiri kuliko nyingi duniani, alikosa nauli ya kwenda darasani, wala tangu lini imekuwa kazi ya mwalimu kumpa.

Sina ugomvi na mwalimu huyo. Yuko, na wenziwe wako wengi, na mtu awaonaye kuwa ni wachache hakuwatafuta. Ugomvi wangu ni na kibao. Mtu akimsifu mwalimu kwa kuziba pengo ambalo yeye mwenyewe msifu ndiye aliyeliacha wazi, wahenga walikuwa na jina la heshima hiyo: waliita kilemba cha ukoka.

Yafaa msomaji ajue vyuo hivi vilitoka wapi. Kile cha umma kilicho kikongwe miongoni mwa vilivyodumu hata leo kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901, kwa wanafunzi sita tu. Waliokishauri walikuwa J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Nia ya Harper haikuwa ukarimu mtupu: alipenda miaka miwili ya kwanza ya elimu ya juu ifundishwe mahali pengine, ili vyuo vikuu vibaki na utafiti wao kwa utulivu. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivi vienezwe nchini kote, karibu na makazi ya watu, na ndipo jina la vyuo vya jamii liliposhika. Leo vyapata elfu moja. Humo huingia kijana aliyemaliza sekondari bila alama za kujivunia, mama aliyelea watoto kwanza akakumbuka masomo baadaye, mhamiaji asiyejua Kiingereza vizuri, na mtu mzima ambaye kiwanda kimemfungia mlango. Masharti ya kuingia ni machache mno. Kwa neno moja, mlango hauna bawabu, na nchi ile hujisifia jambo hili, na ina haki ya kujisifia.

Lakini mlango kuwa wazi hakumaanishi kwamba nyumba ina sakafu. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark alichapisha makala ambayo ingefaa isomwe kwa sauti katika kila karamu niliyoitaja. Alisema kwamba jamii ile huwahimiza watu wote watumaini makubwa, na haina nafasi ya kuwapa wote. Kwa hiyo pahitajika mahali pa kuyapoza matumaini ya waliozidi. Mahali hapo, kwa maoni yake, ni chuo cha jamii. Mwanafunzi hakatazwi kitu. Hupewa mtihani wa kumpanga, huambiwa asome kwanza masomo ya maandalizi, huitwa na mshauri mpole amwambiaye kwamba labda kazi fulani ndogo ingemfaa zaidi, na polepole yeye mwenyewe huona kwamba kosa ni lake. Huondoka bila kelele. Neno hilo la kupoza Clark alilipata kwa mwenzake Erving Goffman, ambaye mwaka 1952 alikuwa ameeleza desturi ya matapeli: wakiisha kumwibia mtu fedha zake, humwacha mmoja wao nyuma amtulize, amfariji, amzoeze hasara, asije akapiga ukelele.

Clark hakuandika kwa chuki. Alieleza mashine kama fundi aelezavyo saa. Lakini mtu akisoma maneno yake na kisha akaenda karamuni, hawezi kukisikiliza kibao kile kikisomwa kwa masikio yale yale. Mwalimu mwema, mwenye subira, mwenye neno la kufariji, yuko katika hatari ya kufanywa yule mtu aliyeachwa nyuma. Hakupenda, wala hakuulizwa. Wema wake ndio unaomfaa kwa kazi hiyo, kwa maana mwanafunzi aliyepotezewa miaka miwili hawezi kukasirikia chuo chenye mtu aliyempenda kiasi kile.

Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Sijui methali inayovieleza vyuo hivi vizuri kuliko hii. Kwa miaka mingi jimbo la California lilivilipa vyuo vyake kwa kuwahesabu wanafunzi waliokuwa wameandikishwa siku fulani, muhula ukiwa umetimia sehemu moja katika tano. Aliyetoweka kesho yake hakupunguza kitu katika hazina ya chuo. Alipunguza karatasi za kusahihisha. Tangu 2018 sehemu ya fedha hizo hufuata pia idadi ya wahitimu na idadi ya wanafunzi maskini, na hayo ni maendeleo. Hata hivyo fikiri juu ya chuo kilichozoea kwa vizazi kuona kwamba madarasa ya mwaka wa kwanza yamefurika na ya mwaka wa pili yana viti vitupu, na mchukuzi akashusha pumzi, akaona mzigo umekuwa mwepesi. Hakutaka livuje. Lakini hakuwa na haraka ya kulishona.

Wasimamizi wa vyuo wana majibu mawili, na nimeyasikia yote mawili hata huku kwetu. La kwanza: wanafunzi wenyewe hawana bidii. La pili: tunahitaji walimu wenye moyo zaidi. Majibu haya huonekana kama yanapingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa yote mawili huutafuta ubaya ndani ya vifua vya watu, yakaliacha jengo salama.

Sasa nieleze jambo lililoyavunja yote mawili kwa pigo moja. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambacho chini yake mna vyuo vya jamii kadhaa, kilianza mpango ujulikanao kwa kifupi kama ASAP. Mwanafunzi akiingia humo hutakiwa asome kwa muda wote wa siku, si kwa vipande, na masomo ya maandalizi ayamalize mapema. Nacho chuo humfanyia haya: ada iliyobaki baada ya misaada ya serikali husamehewa, vitabu hupewa, ratiba hupangwa ili asikae kutwa akingoja kipindi kimoja, na kila mwezi hupewa kadi ya kupandia treni na mabasi ya mji. Tena hupewa mshauri wake mwenyewe. Wakati mpango ulipochunguzwa, mshauri huyo aliangalia wanafunzi 60 hadi 80. Katika vyuo vivyo hivyo, mshauri wa wanafunzi wengine alikuwa na watu kati ya 600 na 1,500. Msomaji na ajaribu kukumbuka majina ya watu 1,500, seuze shida zao.

Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa shirika la MDRC waliwachukua wanafunzi 896 wa vyuo vitatu, Borough of Manhattan, Kingsborough na LaGuardia, wote wakiwa wa pato dogo na wote wakihitaji masomo ya maandalizi. Wakawagawa kwa kura: hawa waingie katika mpango, hawa waendelee kama kawaida. Kura haina upendeleo. Haimchagui mwenye bidii ikamwacha mvivu. Baada ya miaka mitatu, katika kila wanafunzi 100 wa kawaida, 22 walikuwa wamehitimu. Katika kila 100 wa mpango, waliohitimu walikuwa 40. Wako waliosema kwamba New York ni New York, na mambo yake hayawezi kuhamishwa. Vyuo vitatu vya jimbo la Ohio vikaiga, vikachunguzwa vivyo hivyo, na huko nako wahitimu wakakaribia kuwa mara mbili.

Nina jambo moja katika habari hii ambalo sioni likisemwa inavyostahili. Mpango haukubadili mafundisho. Mbali na vipindi vichache vya pekee, hasa vya mwaka wa kwanza, wanafunzi wa mpango walikaa darasani pamoja na wasio wa mpango, wakafundishwa hesabu zile zile na insha zile zile, na walimu wale wale. Hapakuletwa malaika. Mwalimu aliyekuwa akihesabiwa kuwa hana moyo wa kutosha, na mwanafunzi aliyekuwa akihesabiwa kuwa hana bidii, walikutana katika chumba kile kile, na idadi ya waliofaulu ikakaribia kuwa maradufu kwa sababu mmoja wao alikuwa na kadi ya treni, kitabu, na mtu mmoja nje ya darasa aliyemjua kwa jina.

Kadi ile yastahili neno zaidi. Haikutumwa kwa posta. Mwanafunzi aliipata kwa kushiriki mpango, na kushiriki ni pamoja na kuonana na mshauri wake. Kwa hiyo kila mwezi kijana aliyekuwa ameanza kukata tamaa, ambaye kwa aibu asingemwendea mtu yeyote kusema nimeshindwa, alikwenda kwa sababu alihitaji nauli. Akifika hapo huulizwa: vipi hesabu? Aliyebuni jambo hili aliwafahamu maskini. Alijua kwamba mtu mwenye dhiki haendi kuomba ushauri, lakini huenda kuchukua kadi.

Mtu aweza kunirudia kwa swali hili: je, hiyo si kusema kwamba mwalimu si kitu? La, hasha. Nasema kwamba kazi yake ilikuwa ikimwagwa. Mwalimu mzuri wa hesabu aliyewafundisha watu thelathini, na kumi wakaondoka kabla ya mtihani kwa sababu za nauli, za mtoto mgonjwa na za zamu ya usiku, amefanya kazi ya watu thelathini akalipwa furaha ya ishirini. Ukitaka kumheshimu, mwachie hao kumi wabaki.

Kisha hufuata swali la fedha, nalo ni swali la haki. Mpango wa New York ulikuwa ghali: kwa miaka mitatu ulitumia zaidi ya dola 16,000 kwa kila mwanafunzi juu ya zile za kawaida. Wahasibu wa haraka husimama hapo. Lakini watafiti walipogawa gharama yote kwa idadi ya waliohitimu, waliona kwamba kila mhitimu wa mpango aligharimu chini ya mhitimu wa kawaida. Chuo kisicho na mpango kilikuwa kikinunua kushindwa kwa bei nafuu, kwa jumla, na kufaulu kwa bei ghali, kwa rejareja.

Nirudi kwa mwenye kibao. Karibu theluthi mbili ya walimu wa vyuo vya jamii vya Marekani si walimu wa kudumu. Hulipwa kwa somo, muhula kwa muhula, na somo lisipopata wanafunzi wa kutosha laweza kufutwa siku chache kabla ya kuanza. Wengi hawana chumba cha ofisi. Huonana na wanafunzi ukumbini, mkahawani, au ndani ya gari. Katika California sheria humzuia mwalimu wa namna hiyo asipewe katika wilaya moja zaidi ya asilimia 67 ya kazi ya mwalimu wa kudumu. Sheria ilikusudiwa kumlinda, vyuo visije vikamtumia kwa kazi nzima huku vikimnyima cheo kizima. Matokeo yake ni kwamba atakaye kula hufundisha asubuhi katika mji huu, mchana katika mji ule, na jioni katika mji wa tatu, na sehemu ya maisha yake huishia barabarani. Lugha yetu ina neno kwa mtu wa hali hii. Kibarua ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili ahesabiwe siku yake. Wenzetu huwaita walimu hawa kwa majina marefu zaidi, lakini kikaratasi ni kile kile.

Na mtu huyu ndiye huambiwa jukwaani kwamba muda wake wote ameutoa kwa wanafunzi. Ni kweli, alitoa hata ule asiolipwa.

Historia ya New York ina somo chungu juu ya jambo hili. Mwaka 1970 chuo kikuu cha jiji hilo kilifungua milango yake kwa kila aliyemaliza sekondari mjini. Wakaingia vijana ambao maandishi yao yaliwatisha maprofesa. Wengine walisema kwamba watu hawa hawafundishiki. Katika City College alikuwako mwalimu mmoja, Mina Shaughnessy, ambaye badala ya kupiga mayowe alikaa kitako akasoma. Alisoma insha zipatazo 4,000 zilizoandikwa na wanafunzi hao walipokuwa wakiingia, akayapanga makosa yao moja baada ya jingine, na mwaka 1977 akatoa kitabu, Errors and Expectations, kuonyesha kwamba makosa yale yalikuwa na mantiki yake. Kwamba mwandishi asiyezoea kalamu hukosea kwa sababu anafikiri, si kwa sababu hafikiri. Huku ndiko kujitolea ninakokuheshimu. Hakukuwa tabasamu wala nauli ya mfukoni, kulikuwa maarifa. Aliwapa wanafunzi dhaifu heshima ambayo wataalamu huwapa washairi wakubwa: aliwasoma kwa makini.

Lakini itazame tarehe ya kitabu. Jiji lilikuwa limekaribia kufilisika mwaka 1975. Mwaka 1976 chuo kikuu kile, ambacho mizizi yake ni shule ya bure iliyoidhinishwa mwaka 1847, kilianza kutoza ada kwa mara ya kwanza, na walimu wengi walipunguzwa kazini. Kwa hiyo kitabu kilichoeleza jinsi ya kuwafundisha wanafunzi wale kilifika wakati ambapo wengi wa wale ambao wangekitumia wameachishwa. Kilisifiwa sana, na hata leo husifiwa. Shaughnessy alifariki mwaka 1978, na sifa hazikurudisha hata darasa moja.

Nimesema kwamba vyuo vya namna hii tunavyo na sisi. Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa shule za wananchi za Uswidi, na leo vimezidi hamsini, katika wilaya nyingi zilizo mbali na miji mikubwa. Humo pia mlango umewekwa wazi kwa mtu mzima na kwa kijana aliyekosa nafasi kwingine. Na juu ya mlango huo, ijapokuwa haikuandikwa, husomeka ile sentensi yetu tuipendayo mno: ualimu ni wito. Sentensi hii siipendi. Sikatai kwamba wako walioitwa. Nashangaa tu kwamba husemwa mara nyingi na watu wasiofundisha, na mara nyingi zaidi mwezi ule ambao mshahara umechelewa. Daktari naye ana wito, na hakimu pia, lakini sijasikia hakimu akiombwa anunue kwa fedha zake karatasi za kuandikia hukumu.

Katika baadhi ya vyuo hivi, hata hivyo, nimeona jambo lililo dada wa kadi ya treni. Chini ya mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, wasichana waliokatizwa masomo, wengine kwa kupata mimba, hupokewa pamoja na watoto wao, na mtoto hupata mahali pa kulelewa chuoni wakati mama yuko darasani. Hadi Novemba 2021 msichana aliyejifungua hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Chuo cha namna hii kilikuwa karibu tumaini lake la pekee. Fikiri ni walimu wangapi wenye moyo wangehitajika kufanya kazi ya chumba kimoja cha watoto chenye mkeka, uji na mlezi anayelipwa. Walimu mia wasingetosha, kwa kuwa mwalimu hawezi kushika chaki kwa mkono huu na mtoto wa mwanafunzi kwa mkono ule, ingawa wako waliojaribu, na nina hakika kibao kinawangoja.

Sitaki karamu zifutwe. Ningeshauri tu nyongeza katika karatasi ya ratiba iwekwayo mezani, kando ya sahani. Chini ya jina la mwalimu anayeheshimiwa pachapishwe habari tatu: tarehe ambayo mkataba wake utakwisha; idadi ya wanafunzi walioandikishwa katika darasa lake siku ya kwanza na waliobaki siku ya mtihani; na idadi ya wanafunzi ambao mshauri mmoja wa chuo hicho hupewa awaangalie. Kisha mkuu wa chuo asimame, azisome kwanza hizo, na baada yake asome sifa.